Mnunuzi Ndiye Mwizi wa Pili wa Rafadha

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za miche, za majamvi, za makonyo na za bei. Leo naomba nafasi nizungumze habari ya kitu kisichoota shambani, lakini bila ya kitu hicho karafuu za wengi wetu hazifiki kituoni kwa wakati. Kitu chenyewe ni rafadha, yaani yale mapanga yaliyo nyuma ya mashine ya boti, ambayo huzunguka majini na kukisukuma chombo mbele. Rafadha zinaibiwa madikoni, na pengine mashine nzima huibiwa pamoja nayo. Kila inapotokea, sisi hulalamika siku tatu, tukamlaani mwizi, kisha tukanyamaza mpaka aibiwe mwengine. Maoni yangu ni kwamba tumeutazama wizi huu kwa upande mmoja tu. Tunamtafuta aliyeing'oa rafadha, na wala hatumtafuti aliyeinunua.

Baadhi ya wanachama watauliza, je, habari hii inamhusu nini mkulima wa karafuu? Hiyo si habari ya wavuvi na wenye vyombo? Nawajibu kuwa inatuhusu sana. Wachumaji wetu wengi hutoka visiwa vidogo na vijiji vya ng'ambo ya hori, na huja kwa boti asubuhi wakarudi kwa boti jioni. Yako mashamba ukingoni mwa hori za upande wa magharibi wa Pemba ambako njia ya gari ni mbovu wakati wa mvua, na njia ya maji ndiyo ya karibu. Basi boti ikikosa rafadha siku moja katikati ya msimu, wachumaji hawafiki, na karafuu zilizokwisha kupevuka zinafunguka maua mtini. Na zile zilizokwisha kuchumwa, zikilala ndani ya magunia zikingoja chombo, hupata joto na kuchacha, na zikija kuanikwa hutoka zimepauka. Kila mmoja wetu anajua daraja gani atapewa kwa karafuu zilizopauka. Mwizi amechukua kipande cha chuma kinachobebwa kwa mkono mmoja, na hasara imeangukia jamvi zima.

Tena kuna jambo lililo zito kuliko mali. Rafadha hushikwa na nati moja, na nati hiyo huzuiwa na pini nyembamba iliyokunjwa ncha zake. Mwizi mwenye koleo na spana huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Lakini je, akishtuliwa na mtu kabla hajamaliza? Hukimbia, na nyuma yake huacha pini imekwisha kutolewa na nati imelegea. Nahodha hajui. Anapakia watu alfajiri, anawasha mashine, na akifika penye mkondo rafadha inachomoka na kuzama. Mkondo wa bahari baina ya Pemba na Bara una kina cha mamia ya mita, na nanga ya boti ndogo haifiki chini. Chombo hubaki kikichukuliwa na maji kama kifuu. Sisi watu wa visiwa hivi, ambao mwezi wa Septemba mwaka 2011 tulizika watu wa meli ya Spice Islander, na mwezi wa Julai mwaka 2012 tukazika watu wa meli ya Skagit, hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kupatwa na balaa baharini. Kwa hiyo mtu anayeigusa rafadha ya chombo cha abiria amezigusa roho za watu.

Sasa tumtazame mwizi mwenyewe, na tuitazame kazi yake jinsi ilivyo. Madiko yetu mengi hayana gati wala ukuta. Boti hutiwa nanga, na maji yakitoka hukaa juu ya mchanga. Wakati wa bamvua maji hutoka sana, na katika bahari yetu hii maji ya bamvua hukupwa karibu na saa nne, mchana na usiku. Bamvua la mwezi mpevu lina mbalamwezi. Bamvua la mwezi mwandamo halina. Basi katika usiku ule wa kiza, watu wanapokuwa wamekwisha kuswali Isha na kujifungia majumbani, boti zote ziko nchi kavu, na mwizi hahitaji ngarawa wala kasia. Huenda kwa miguu mpaka penye mashine, akachuchumaa, akafanya kazi yake. Hili si jambo la siri. Limo katika kalenda, na kila mvuvi analijua. Lakini ni madiko mangapi ambayo huzidisha ulinzi katika siku nne au tano hizo za kiza? Tunalinda sawasawa siku zote, yaani hatulindi siku yoyote.

Hata hivyo, tuseme tumelinda. Mwizi atahamia diko jengine, kwa sababu bado kuna faida. Na faida hiyo inatoka wapi? Rafadha hailiwi, wala haivaliwi. Mwizi hana haja nayo hata siku moja. Haja anayo mwenye boti nyengine, ambaye rafadha yake imepiga mwamba ikapinda, na ambaye akiuliza bei ya rafadha mpya dukani anashika kichwa. Ndipo anapotokea kijana na mfuko wa gunia, akasema anayo moja, imetumika kidogo, na bei yake ni robo ya bei ya duka. Mwenye boti haulizi. Anajua kuwa akiuliza atajibiwa jambo asilotaka kulisikia. Analipa, anafunga, anasafiri. Na rafadha nyengine, khasa zile za shaba za mashine za ndani, huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako hupimwa kwa kilo kama sufuria mbovu.

Huyo mnunuzi ndiye ninayemwita mwizi wa pili, na aghalabu ni mtu wa heshima, mwenye watoto, anayekaa safu ya mbele msikitini. Sheria, Zanzibar na Bara pia, haimwachi mtu anayepokea mali akijua kuwa ni ya wizi. Kwa sheria huyo naye ana kosa lake. Lakini sheria iko mbali, na wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu ni desturi yetu wenyewe.

Mfano mwema wa jambo hili sikuupata pwani. Umetoka mahali ambapo wengi wao hawajapata kuiona bahari, nao ni Mbulu, katika Mkoa wa Manyara huko Bara. Msomaji asishangae, kwani wizi ni mmoja, hata ikiwa kwao kinachoibiwa kina pembe na kwetu kina mapanga. Mbulu ni nchi ya milima na baridi, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, na upande wa kusini yake ni Hanang yenye mlima wa zaidi ya mita 3,400. Wenyeji wa Mbulu ni Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, na jirani zao ni Wadatoga. Kwa watu hao ng'ombe ni kama kwetu mkarafuu na chombo kwa pamoja: ni akiba, ni mahari, ni jembe, ni heshima.

Zamani, katika karne ya kumi na tisa, Wairaqw walikuwa wakisumbuliwa na mashambulizi ya Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe. Walifanyaje? Walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake la udongo likiwa karibu sawa na ardhi, hata mtu aliye mbali asijue kuwa hapo pana nyumba. Na ng'ombe hawakuachwa nje. Walilala ndani, pamoja na watu. Tena mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote mahali pamoja. Aliwagawa kwa rafiki na jamaa wawatunze na kunywa maziwa yao, ili balaa likifika kwake lisimalize mali yote. Hayo ndiyo mafunzo ya kwanza: kitu unachokipenda usikiache kilale nje peke yake.

Mafunzo ya pili ni ya siku hizi. Mfugaji wa Bara humpiga ng'ombe wake chapa ya moto au kumkata sikio kwa alama ya ukoo, nayo ni desturi ya kale ya wafugaji wengi. Serikali nayo ilikuja kutunga sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010, na mwaka 2017 upigaji chapa ukasimamiwa nchi nzima ya Bara; baadaye zikafuata hereni za masikio. Wafugaji wengine walilalamika kwa ajili ya gharama, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Lakini tazameni linalofanyika mnadani. Mtu anayepeleka ng'ombe huulizwa ametoka wapi na chapa yake ni ya nani, na anayemsafirisha hutakiwa awe na kibali. Hakuna anayekasirika kwa kuulizwa. Mfugaji mwaminifu hufurahi, kwa sababu swali hilo ndilo linalomlinda ng'ombe wake siku atakapoibiwa yeye. Sisemi kuwa wizi wa ng'ombe umekwisha huko. Nasema kuwa mwizi wa ng'ombe ana kazi ya pili baada ya kuiba, nayo ni kutafuta mlango wa kuuzia, na kazi hiyo imefanywa kuwa ngumu. Mwizi wa rafadha hana kazi ya pili. Sisi tumemfungulia mlango.

Tusiende mbali sana, maana hata kwetu tunalijua jambo hili. Karafuu yetu hupimwa kituoni, huandikwa, na muuzaji hupewa stakabadhi. Iko sababu kubwa kwa nini aliyeiba gunia la karafuu mbichi hupata taabu: lazima alianike mahali, na lazima alipitishe mahali penye daftari. Basi vipi tunda la shambani liwe na daftari, na chuma kinachobeba roho za watu kisiwe nalo? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na naomba yajadiliwe katika mkutano wetu kabla ya msimu kuanza.

La kwanza, rafadha ilale nyumbani. Boti inayopumzika usiku, mwenyewe aitoe rafadha na aende nayo. Na mwenye mashine ndogo aibebe mashine yenyewe. Kazi hiyo ina faida nyengine. Nyuma ya rafadha hujiviringisha nyuzi za mishipi na vipande vya nyavu, ambavyo hukata mpira unaozuia maji, kisha maji ya chumvi huingia katika mafuta ya gia, na mafuta hugeuka rangi ya maziwa. Anayeitoa rafadha kila mara huziona nyuzi hizo mapema. Lakini aangalie sana anapoirudisha: pete zote za chuma zirudi kwa mpango wake, mhimili upakwe grisi, nati ikazwe barabara, na pini iwe nzima. Pini iliyokwisha kukunjwa mara nyingi hukatika, na pini mpya bei yake ni ndogo. Kwa boti zisizoweza kufanyiwa hivyo, ziko nati za kufuli ambazo hazifunguki ila kwa ufunguo wake maalumu. Haziwezi kumzuia mwizi milele, lakini humchelewesha, na mwizi huchukia kucheleweshwa.

La pili, kila rafadha ipigwe alama. Mashine ina nambari yake ya kiwandani, iliyo katika kibati karibu na mahali inaposhikwa na boti. Rafadha aghalabu ina nambari ya ukubwa tu, ambayo ni moja kwa maelfu ya rafadha, na haimtambulishi mwenyewe. Fundi wa chuma mwenye vyuma vya kupigia herufi anaweza kupiga alama ya mwenyewe na ya diko lake. Ipigwe katika kitovu cha rafadha na si katika mapanga, maana panga likitiwa kasoro rafadha hutetemeka, na mtetemeko huila mashine.

La tatu, chama chetu kifungue daftari. Kiandikwe chombo, jina la mwenyewe, nambari ya mashine na alama ya rafadha. Nakala moja ikae kwa sheha, na moja ipelekwe kwa kamati ya wavuvi ya shehia. Vyombo vyenyewe vina taratibu zake za kusajiliwa Serikalini, na daftari letu halishindani nazo. Linaongeza kile kitu kidogo kinachochomoka. Mtu akiuza mashine au rafadha, muuzaji na mnunuzi wafike mbele ya sheha au mjumbe wa chama, iandikwe hati ya mistari mitatu, na watie sahihi na mashahidi wawili. Rafadha ya zamani iuzwe kwa uhuru, ila isiuzwe gizani.

La nne, na hili ndilo kubwa, sisi wakulima tukatae kukodi chombo kisichokuwemo katika daftari hilo. Nguvu yetu iko hapa, na hatujapata kuitumia. Wengi wetu hatuna boti, lakini ndio tunaozilipa boti katika miezi ya msimu. Mwenye chombo anajua kuwa msimu wa karafuu ndio msimu wake pia. Akijua kuwa hatapata wachumaji wala magunia ya kubeba mpaka mashine yake iwe na hati na rafadha yake iwe na alama inayolingana na daftari, ataandikisha, na kijana wa mfuko wa gunia akimjia usiku atamwambia, "Kitu hiki hakina faida kwangu." Siku atakapoambiwa hivyo katika diko la kwanza, na la pili, na la tatu, wizi utakuwa umekufa njaa.

Najua yako maneno yatakayosemwa. Watasema kuwa maskini hana uwezo wa kununua kitu kipya, na kwamba mitumba ndiyo nafuu yake. Ni kweli, na ndiyo sababu sikusema vitu vilivyotumika vikatazwe. Nimesema viwe na hati. Maskini ndiye anayeumizwa zaidi na wizi huu, kwa kuwa tajiri akiibiwa rafadha hununua nyengine kesho, na maskini hulaza chombo mwezi mzima.

Watasema pia kuwa ni aibu kumwomba jirani hati, kana kwamba unamwita mwizi. Lakini tunapooa huandika, tunapouza shamba huandika, na hata deni Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuliandike. Kuandika hakujapata kuwa tusi. Tusi ni kukutana na jirani yako diko moja, wewe umefunga rafadha yake, naye anakusalimia.

Na wapo watakaosema kuwa dawa ya mwizi ni kusoma Halbadiri. Sitaki kuingia katika mjadala wa masheikh juu ya jambo hilo, kwa maana wao ndio wenye elimu yake. Nasema hivi tu, kwamba kisomo hicho husomwa baada ya mali kupotea, na huyu ninayemzungumzia mimi ni yule ambaye hajaibiwa bado. Kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake, wala hakumzuii kuitoa rafadha yake.

Mwisho, zile siku nne au tano za kiza cha mwezi mwandamo, kila diko liweke zamu ya watu wawili kuanzia Isha mpaka maji yajae. Si kazi ya mwaka mzima, ni siku chache katika mwezi, na wanaume wa diko wakigawana, mtu mmoja huenda asifikiwe na zamu zaidi ya mara moja katika msimu. Wakulima wanaotumia diko hilo nao washiriki, kwa nafsi zao au kwa kuchangia chai na mafuta ya taa. Haifai mwenye boti akeshe peke yake akilinda chombo kitakachobeba karafuu zetu.

Ndugu wanachama, mwizi wa kwanza tutamshika akipatikana. Mwizi wa pili tunamjua, kwa sababu yumo miongoni mwetu, na pengine amekwisha kuwa mmoja wetu bila ya kujiita jina hilo. Huyo hatuhitaji polisi wa kumshika. Tunahitaji azimio moja la mkutano, daftari moja, na ulimi wa kuuliza, "Hati yake iko wapi?"

Mwanachama